Vizima Visivyolingana

Siku mwalimu wa taaluma alipomkabidhi daftari lake mwenyewe, limechapwa, limebanwa pini na kubandikwa jina la mwizi wake, mwalimu wa darasa la nne alisema, "Asante."

Angesema nini? Walimu wenzake kumi na wanane walikuwa wamejaa ofisini wakipiga makofi, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu kama baba wa bwana harusi. Kijitabu kile kilikuwa kimepita ofisi ya elimu na kusifiwa, na mwalimu wa taaluma, yule msimamizi wa masomo pale shuleni, alikuwa ameteuliwa kufundisha walimu wa shule nyingine namna ya kulinganisha na kupanga sehemu, kama nusu, theluthi na robo. Mama huyu akarudi kitini, akafungua ukurasa wa tatu, akakutana na mfano wa shuka.

Mfano ule ulitoka nyumbani kwake. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, ni fundi cherehani, na siku moja alikuwa akikata shuka la mteja vipande vitatu sawasawa wakati dada mtu anasahihisha madaftari pembeni. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Tangu siku hiyo aliacha kuwakaririsha watoto kanuni, akawapa vipande vya karatasi za rangi wavipange mezani na kuviona kwa macho yao. Watoto waliokuwa wakiapa kwamba moja juu ya nane ni kubwa kuliko moja juu ya tatu, "kwa sababu nane ni kubwa, mwalimu," baada ya wiki mbili walikuwa wakilicheka kosa hilo kama la mtoto mchanga. Wakambatiza Mama Karatasi. Kwa miaka miwili aliandika kila somo, kila swali la mtoto na kila kosa, katika daftari la jalada gumu.

"Niachie siku mbili tu nilipitie, dada yangu," mwalimu wa taaluma alikuwa amemwambia. Siku mbili zikazaa mihula miwili. Daftari lilirudi na doa la chai kwenye jalada, na wiki iliyofuata kijitabu kikatoka.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu. Akaeleza taratibu, bila kupandisha sauti, daftari likiwa mapajani.

"Mwalimu," mkuu alisema huku akitafuta kifuniko cha kalamu yake, "kazi ya shule ni ya shule. Leo kimeandikwa jina lake, kesho litaandikwa lako. Mbona unataka kutuvurugia hewa?"

Huenda angemeza na hilo, kwa kuwa alikuwa amemeza mengi katika miaka kumi na saba ya kushika chaki. Lakini Jumatatu moja mwalimu wa taaluma aliingia darasani mwake bila hodi, kijitabu mkononi, akasimama nyuma mikono mgongoni. Mama Karatasi alikuwa katikati ya somo.

"Samahani, mwalimu," bwana yule alisema mbele ya watoto arobaini na watatu. "Hapo hufuati mwongozo wangu. Soma ukurasa wa tano, halafu uanze upya. Tusiwapotoshe watoto."

Watoto wakageuza shingo, wakamtazama mwalimu wao. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Akafungua ukurasa wa tano, akasoma kwa sauti maneno yake mwenyewe, akaanza upya. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akatoka. Kuanzia saa hiyo, kitu kilichokuwa kikimuuma kifuani kiliacha kuuma, kikatulia. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba atalipiza. Kilichobaki ni kujua vipi.

Jibu alilipata jioni moja pale ofisini, kwa kukisoma kile kijitabu chote, neno kwa neno, akiwa na daftari lake pembeni. Bwana yule alikuwa amenakili mpaka makosa ya tahajia. Kitu kimoja tu alikuwa amekiacha, nacho ni ukurasa wa kwanza. Pale mama huyu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: kabla ya kulinganisha vipande, watoto watoe vizima, zile karatasi zisizokatwa, wavilaze pamoja kuona kama vinalingana, kwa kuwa nusu ya mkate mdogo si sawa na nusu ya mkate mkubwa. Inaonekana mwizi aliona hayo ni maneno ya kujazia karatasi tu. Mama Karatasi alisoma tena na tena kuhakikisha, kisha akacheka peke yake mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Haikupita wiki akaitwa. Somo la mfano lingefanyika Alhamisi, katika darasa lake, mbele ya mkaguzi na walimu wa shule kumi na moja.

"Nahitaji bahasha saba za vipande," mwalimu wa taaluma alisema bila kuinua macho. "Theluthi, robo na moja juu ya tano. Tutapanga theluthi mbili, robo tatu na tatu juu ya tano, kama lile swali la ukurasa wa saba. Wewe mkono umeshazoea kukata, mimi nina hotuba ya kuandaa."

"Hakuna shida, mkubwa," alijibu. "Nitakukatia vizuri."

Jumamosi asubuhi akaketi kwenye chumba cha cherehani na rula, penseli na mkasi wa mdogo wake. Karatasi nyekundu alipima sentimita ishirini na nne, akaigawa theluthi. Ya njano alipima ishirini tu, akaigawa robo. Ya kijani aliipa sentimita thelathini nzima, akaigawa mara tano. Kisha akapiga hesabu pembeni ya gazeti: robo tatu za njano, sentimita kumi na tano, theluthi mbili nyekundu, kumi na sita, tatu juu ya tano za kijani, kumi na nane. Mpangilio mzima ulikuwa umegeuka miguu juu. Iliyo kubwa kuliko zote ilionekana ndogo, na ndogo ikawa ndiyo kubwa.

Mdogo wake aliacha kukanyaga cherehani. Jicho la fundi halikosi.

"Dada, hizi zingekuwa kitambaa, ningesema hazikutoka kwenye gora moja."

"Najua."

"Umekosea vipimo?"

"Sijakosea hata kidogo." Akamweleza yote, mkasi ukiendelea kulia.

Mdogo mtu akakunja uso. "Huyo baradhuli anastahili, sikatai. Lakini hapo katikati kuna watoto."

"Watoto wangu hawadanganyiki na karatasi. Watasema ukweli, na ukweli wenyewe ndio utakaomvua nguo. Halafu tazama." Akanyanyua bahasha moja. "Nimetia vizima vyote vitatu humu ndani, kila kimoja na rangi yake. Akivitoa kwanza, ataona mara moja. Mlango nimemwachia wazi."

"Na unajua hataupita."

"Angeupita kama angekuwa mwenye kazi."

Mdogo wake akarudi kwenye pindo lake.

Alhamisi walimu wageni walijipanga nyuma ya darasa kwenye viti vya kuazima. Mkaguzi, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikaa karibu na dirisha. Mwalimu wa taaluma alikuwa amevaa suti ya kijivu, na alizungumza dakika kumi na mbili kuhusu safari yake ya ubunifu. Alisimulia hata lile shuka. "Siku moja nikiwa nyumbani," alisema, na Mama Karatasi, aliyesimama kwenye kona kama mgeni, akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya chumvi.

Bahasha zikagawiwa.

"Toeni vipande," bwana akaamuru. "Vile virefu acheni humo humo, vitatuchelewesha."

Pale Mama Karatasi akawa kama mtu aliyesikia kufuli likijifunga.

Watoto wakapanga. Kukawa na minong'ono, halafu wakaanza kutazamana. Mwalimu wa taaluma akakimbilia kundi la mbele, akatazama karatasi zilivyolala, akaenda ubaoni akaandika kwa herufi nzuri za kujionyesha: robo tatu ni ndogo kuliko theluthi mbili, na theluthi mbili ni ndogo kuliko tatu juu ya tano.

Nyuma, mwalimu mgeni mmoja akakohoa.

Msichana wa dawati la kwanza, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama shavuni, akanyoosha mkono mpaka akainuka kitini.

"Mwalimu, siyo."

"Siyo nini?"

"Robo tatu imebakiza robo moja kufika kizima. Theluthi mbili imebakiza theluthi. Robo ni ndogo kuliko theluthi, kwa hiyo robo tatu iko karibu zaidi. Yenyewe ndiyo kubwa."

"Umepanga vipande?"

"Nimepanga."

"Vinaonyesha nini?"

"Vinaonyesha hivyo ulivyoandika. Lakini vinaonyesha pia moja juu ya tano ni ndefu kuliko robo! Karatasi ndiyo mbovu, mwalimu."

Wageni wakaangua kicheko. Mwalimu wa taaluma akageuka rangi. "Karatasi haidanganyi," alifoka. "Mtoto mjuaji sana wewe, umetumwa kuja kuniharibia? Nenda kasimame ukutani, uso kule."

Kidoti akamtafuta Mama Karatasi kwa macho. Hapo ndipo mama huyu angeweza kusema neno moja tu, likatosha. Hakulisema. Mtoto akaenda ukutani, mabega yakaanza kutikisika.

"Mwalimu," mkaguzi aliita kwa upole. "Hebu tufanyie kwa njia ya asili moja, namba ya chini iwe ileile kwa zote."

Bwana akachukua chaki. Asili akaifanya sitini. Robo tatu ikampa arobaini na tano, theluthi mbili arobaini, na alipofika tatu juu ya tano ikatoka thelathini na sita. Akaandika ile sita, mkono ukabaki hewani. Ukutani, Kidoti alikuwa akivuta kamasi.

"Vipande amekata mwalimu wa darasa," akasema hatimaye. Jasho lilikuwa limeloanisha kola.

Mkaguzi akainuka, akachukua bahasha, akatoa vile virefu vitatu na kuvilaza mezani kimoja chini ya kingine. Cha kijani kilipitiliza, cha njano hakikufika hata kwa chekundu.

"Mwongozo wako unasema nini kuhusu vizima?"

Akafunua, akafunua tena, akarudi mwanzo. Hapakuwa na kitu.

"Ajabu," mkaguzi akasema. "Mtu aliyebuni njia hii angeanzia hapo."

Mama Karatasi akatoka konani. Hakuharakisha. Akaweka mezani daftari la jalada gumu lenye doa la chai, akalifungua ukurasa wa kwanza, penye wino mwekundu na tarehe ya miaka mitatu nyuma. Mkaguzi akasoma. Akafunua kurasa nyingine nne, kijitabu kikiwa mkono wa pili. Alipofika kwenye shuka, alivua miwani.

"Na hivi vipande, mama, ulikosea?"

Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemshuku. Lakini alitaka yule bwana asikie.

"Hapana. Nilipima moja moja. Yeye mwenyewe hajui kazi aliyoiiba, na nilitaka mbele yenu ionekane."

Mama Karatasi alimtazama mwalimu wa taaluma usoni kwa muda mrefu, akashiba.

Baada ya majuma mawili barua zilitoka. Kijitabu kiliondolewa, na bwana yule akavuliwa usimamizi, akarudishwa kufundisha darasa la pili. Mama Karatasi naye alipata yake: onyo la maandishi kwa kuwatumia wanafunzi katika ugomvi wa watu wazima. Aliitia saini bila kusoma mara ya pili, akamrudishia mwalimu mkuu kalamu yake.

Kilichomtesa hakikuwa barua. Siku ileile ya somo, wageni walipotawanyika, alimfuata Kidoti bombani akamkuta ananawa uso.

"Ulisema kweli, mwanangu. Ulikuwa sahihi kuliko sisi sote."

"Mwalimu, ulijua karatasi ni mbovu?"

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Mtoto akafunga bomba, akajipangusa kwa sketi. "Sawa," alisema, kwa sauti ambayo watoto huitumia wakati si sawa hata kidogo, akaenda zake. Mama yule alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, kifua kilimuuma tena.

Hata hivyo hakujuta. Alijaribu kujuta, kwa ajili ya mdogo wake aliyemwonya kuhusu watoto, akashindwa. Darasa la pili lilikuwa upande wa pili wa ukuta mwembamba, na kila asubuhi alimsikia yule bwana akihesabisha watoto mpaka ishirini, wakikosea kumi na saba, wakianza tena. Alisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio.

Asubuhi moja wakakutana kwenye korido, kila mmoja na boksi lake la chaki. Suti ya kijivu haikuwapo tena.

"Umeridhika sasa?" bwana akauliza.

Mama Karatasi akafikiri kwa dhati, kama alivyozoea kufikiri anapoulizwa na mwanafunzi.

"Bado kidogo," akajibu, akaingia darasani. Watoto wote wakasimama kumwamkia. Kidoti naye alisimama na kuamkia, macho yake yakiwa dirishani.