Muuaji wa Pili

"Futa," shemeji yangu Zuberi alisema kwa mara ya nne. "Futa yote, Sharifa, nikiona kwa macho yangu."

"Hafuti," nikasema.

"Sisemi na wewe, Mama Sharifa."

"Uko sebuleni kwangu, na mtoto ni wangu. Unasema na nani?"

Binti yangu Sharifa alikuwa amekaa mkekani, simu ameibana kifuani. Ana miaka ishirini na miwili. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na filamu yake, kazi ya miezi sita.

Ni filamu ya kutisha. Inaanza na simu iliyookotwa chini ya mkorosho, na tunachokiona ni kile alichorekodi mwenye simu kabla hajauawa. Wauaji wawili wanazunguka vijijini msimu wa kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Wamevaa barakoa, miwani na makoti, wamejaa vumbi hadi kwenye kope kama mpuliziaji yeyote, kwa hiyo hakuna anayewashangaa. Sharifa aliponieleza nilimwambia ni upuuzi. Kesho yake nikiwa shambani nikajikuta nageuka nyuma kila nikisikia mashine ya kupulizia.

Kwa damu tulichemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, tukaifanya nzito kwa unga wa muhogo. Maiti ilikuwa gunia la makopa, mihogo iliyokaushwa. Muuaji wa kwanza ni Omari, mpuliziaji wa hapa kijijini. Wa pili alitakiwa awe mtu mrefu, na mrefu aliyepatikana ni mimi.

Kosa lilikuwa la Omari. Aliomba dakika sita za filamu akamwonyeshe mkewe, kisha akaiacha simu yake kwenye kibanda cha kuchajia. Mtu akaifungua, akaona, akawarushia wengine. Kufika jioni kijiji chote cha Ziwani kilikuwa nazo. Dakika sita hizo hazina mwanzo wala mwisho. Zina Omari, aliyetambulika kwa mashine yake yenye mfuniko mwekundu, na mtu mrefu anayeburuta gunia linalovuja damu. Tangu siku hiyo wanawake wanakwenda kisimani kwa makundi, na hakuna anayemwita Omari shambani. Alieleza kuwa ni maigizo. Wakamuuliza mwenzake yuko wapi. Akakataa kunitaja.

Sasa watu walikuwa wamekusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, wakimsubiri Zuberi, ambaye ni mwenyekiti.

"Omari aende kwa mjomba wake kule Naliendele mpaka msimu uishe," Zuberi alisema. "Sharifa afute. Wewe hukuwepo. Yatapoa."

"Akiondoka watasema amekimbia."

"Kwani sasa hivi wanasema nini?"

"Sasa hivi wanasema tu. Akikimbia watakuwa na hakika."

Omari alikuwa mlangoni, amechuchumaa karibu na mashine yake. "Mama, mimi nitaenda tu," alisema. "Kazi yenyewe sina."

"Na mikorosho atapulizia nani? Ugonjwa wa ubwiri unga haungoji watu waache kuogopa."

Zuberi akashusha sauti. "Shemeji, wewe ni afisa ugani. Umesoma, una stashahada yako. Ni mjane. Utasimama mbele ya watu useme ulivaa koti la kiume ukajifanya muuaji?"

"Koti la marehemu kaka yako. Linanikaa vizuri."

"Watakucheka."

"Wacheke. Wiki nzima hawajacheka."

"Au wakupige mawe kabla hujafungua mdomo."

Nikaingia chumbani, nikatoka na koti, miwani na barakoa.

Sharifa akaelewa kabla ya wengine. "Mama, usivue barakoa. Filamu yote imesimama hapo. Mtazamaji anaondoka hajui wa pili ni nani."

"Mwisho huo ulikuwa dhaifu. Nilikwambia."

"Ulisema ni mzuri."

"Nilikuwa nakupa moyo. Washa simu, rekodi. Hakuna kitakachofutwa, ila mwisho tunaubadilisha. Omari, beba mashine, usiiwashe."

"Mama Sharifa," Zuberi alisema, akanizuia mlangoni.

"Pisha, shemeji. Au vaa na wewe, tuwe watatu."

Akapisha.

Gunia la makopa lilikuwa bado barazani, na choya imelikaukia. Nikalishika masikio, nikaliburuta kuvuka barabara kama nilivyoliburuta kwenye filamu. Omari alitembea kando yangu, Sharifa nyuma yetu. Watu walipotuona, sauti zikakatika. Mstari wa mbele ukarudi nyuma. Mzee Jafari, mwenye shamba la mwisho kuelekea bondeni, akainama akaokota jiwe.

Nikasimama hatua tano mbele yake, nikafungua gunia, nikaliinamisha. Makopa yakamwagika hadi miguuni pake. Akayatazama. Akanitazama mimi, jiwe bado mkononi.

Nikavua miwani, kisha barakoa.

"Maiti ndiyo hiyo," nikasema. "Muuaji wa pili ni mimi. Anayetaka mikorosho yake ipuliziwe Jumatatu ampe Omari jina lake. Nitakuja naye shamba kwa shamba, na koti hili hili."