Mayai ya Jumanne

Kijiko kiligonga bakuli mara moja tu, kikanyamaza. Nje bado giza. Bibi Paraschiva alijua: mjukuu wake Ilinca ameonja uji wa mahindi, na vidonda vya mdomoni vimemchoma.

"Sukutua, mwanangu," alisema, akimpa maji ya chumvi yenye tone la gongo, pombe kali ya matunda ya plamu.

Ilinca alisukutua huku machozi yakimtoka. Alikuwa na miaka tisa. Tangu majani yaanze kudondoka, vidonda vilikuwa vikipona na kurudi. Mdomo mwongo huota vidonda, wazee walisema, na Paraschiva aliamini. Akamwongezea mtoto siku za kufunga: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Ugali na kabichi iliyochachushwa, basi. Mayai aliyafunga kwenye gazeti, moja moja, kwa ajili ya Jumanne, siku ya daktari kufika kijijini.

Hii ilikuwa Jumanne ya nne ya kumpelekea daktari mayai. Kwenye foleni ya zahanati, jirani yake Safta alikuwa amemwekea nafasi kwa skafu yake mwenyewe.

"Kuku wako wanataga kwa amri ya serikali, nini?" Safta alichungulia kikapu. "Pita, dada. Mimi nimeleta kikohozi kitupu, nitangoja."

Nesi alipokea kikapu, akawafungulia mlango.

Daktari alipuliza viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mtoto. Paraschiva aliliona hilo, akamshukuru moyoni. Daktari akashusha kope ya chini ya Ilinca. Ndani palikuwa peupe.

"Anakula nini, mama?"

"Anafunga, Daktari. Kwa ajili ya uongo wake."

"Uongo gani?"

Paraschiva alitafuta akilini. Hakukumbuka hata mmoja.

"Nilikwambia sikudanganya, Bibi," Ilinca alisema kwa shida.

"Si uongo huu," daktari alisema. "Damu imepungua. Akapimwe mjini, ila kwanza ale. Maini, maziwa. Yai kila siku. Unafuga kuku?"

"Watatu."

"Basi dawa unayo nyumbani."

Nyuma ya daktari, nesi alikuwa akifungua gazeti na kupanga mayai kwenye trei. Kumi na mawili. Ilinca aliyatazama. Paraschiva alitaka kuomba, japo moja. Badala yake akamfunga Ilinca vifungo vya koti.

Daktari aliandika barua ya kipimo, akaiweka kwenye droo. "Mhuri nimeuacha mjini. Utaichukua Jumanne."

Nesi alimrudishia kikapu, gazeti limekunjwa vizuri ndani yake.

"Uje tena Jumanne, mama yangu," alisema kwa upole. "Usitusahau."