Muuzaji Nyota wa Rajkot

Hetal Vekariya alipotunukiwa cheo cha Muuzaji Nyota na lile soko kubwa la mtandaoni, mama mkwe wake aligawa peremende nyumba kumi na moja za mtaa. Cheo chenyewe kilikuwa alama ndogo ya dhahabu kwenye simu. Wanawake walikuja kuitazama, wakaipitisha mkono kwa mkono, mmoja akauliza kama inauzika kwa sonara.

Hetal aliuza seti za urembo wa bandia: mkufu, hereni na pambo la paji la uso, vyote vikimetameta kama mali ya malkia. Mji wa Rajkot haukosi mafundi wa vitu hivyo, naye alivichukua kwao kwa bei ya jumla. Kila asubuhi sebule ilijaa mifuko ya plastiki, na kijana wa usafirishaji akaondoka na gunia zima. Kwa macho ya mtaa, nyumba ile ilikuwa imeshaukata.

Mumewe, Paresh, fundi mitambo katika karakana ya vipuri, ndiye aliyeharibu sherehe. Jumapili moja, vitafunio vya gathiya mkononi na pilipili ya kukaanga mdomoni, alimuuliza mkewe swali la kijinga.

"Mama Dhruvi, hivi faida iko wapi?"

"Faida gani? Si unaona gunia?"

"Gunia naliona likitoka. Na lile linalorudi pia naliona."

Alichukua penseli ya karakana, wakakaa chini. Seti iliuzwa rupia mia nne tisini na tisa. Ukitoa ya fundi, ya soko, ya msafirishaji, ya tangazo na ya mfuko, zilibaki thelathini na nne. Hetal akatabasamu; thelathini na nne si haba. Lakini seti ikirudishwa, nauli ya kwenda na kurudi na makato yake vilimwangukia yeye, rupia mia na hamsini. Na katika kila kumi, tatu zilirudi.

Paresh alipiga hesabu mara mbili, kisha akaiweka penseli chini taratibu.

"Kila ukiuza kumi, unapoteza mia mbili na kumi na mbili."

"Sasa nifanye nini?"

"Ningekuwa wewe, ningeomba wateja wapungue."

Hetal hakucheka. Alichomwa zaidi na namna seti zilivyorudi. Moja ilirudi na punje ya mchele kwenye kifungo. Nyingine ilinuka jasho na marashi. Seti moja ya mawe ya kijani ilikuwa imesharudi mara nne. Safari ya tatu ilipoteza jiwe, naye akabandika jingine la kijani kilichokoza. Ya nne ilikuja na madoa ya manjano, yale ya kupakwa maharusi. Akaipigia simu huduma ya wauzaji.

"Pole sana, Hetalben," ilisema sauti tamu ya kike, ikimwita dada kwa heshima. "Mteja ameandika kwamba rangi haifanani na picha."

"Haifanani kwa sababu ameipaka manjano! Ameivaa harusini, dada yangu!"

"Je, una picha ya mteja akiwa ameivaa?"

"Nitaitoa wapi? Mimi sikualikwa!"

"Basi tunafunga malalamiko yako. Ukiridhika na huduma yangu, tafadhali nipe nyota tano."

Mwezi wa Desemba alialikwa kweli, harusi ya binamu wa Paresh huko Gondal. Wanawake walikuwa wakicheza duara, mikono ikipigwa kwa mdundo, na katikati yao alizunguka shangazi yake Paresh, Kokila, mama mnene mwenye sauti ya kuuza samli. Kifuani pake yalikuwa mawe ya kijani. Hetal alisogea. Jiwe moja lilikuwa limekoza kuliko wenzake.

"Shangazi, umependeza. Umenunua wapi?"

Kokila akamkumbatia mpaka sari zikakwaruzana. "Unauliza nini na wewe? Dukani kwako! Mimi ni mtu wa kuunga mkono wa nyumbani. Hii mara ya tatu mwaka huu."

"Mara ya tatu umenunua?"

"Nanunua, navaa, narudisha. Kesho inaondoka. Usijali, hasara ni ya kampuni, wale wana hela mpaka hawajui waziweke wapi."

"Kampuni hailipi, shangazi. Nalipa mimi."

Kokila akasimama katikati ya duara, wachezaji wakampita kushoto na kulia. "Wewe? Na ule u-Nyota wako?"

"Ndio huo."

"Ee, mwanangu! Na mimi ndiye niliyewafundisha mchezo huu akina Manjula, rafiki zangu wote wa Gondal." Alifikiri kidogo, kisha uso ukang'aa. "Lakini kila mara nilikupa nyota tano!"

Hetal alikuwa na simu mkononi, na picha ya kupeleka kwenye malalamiko ilikuwa mbele yake, imevaa sari ya zambarau. Hakuipiga. Utamshtakije shangazi wa mumeo kwa kompyuta? Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akawatazama wanawake wakizunguka. Alihesabu seti tano zilizotoka sebuleni kwake. Ikamjia kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa nazo. Walitaka kuzivaa siku moja tu, nao walikuwa wakizivaa, kwa gharama yake.

Kabla ya Januari kuisha alifunga duka la mtandaoni. Soko lilimtumia ujumbe wa huzuni, kisha bili ya mwisho ya matangazo. Mama mkwe alilia siku mbili kwa ajili ya ile alama. Hetal akaweka kabati la vioo sebuleni, akaandika mlangoni: seti za harusi zinakodishwa, rupia mia na hamsini kwa siku, amana mia tano, doa unalipia.

Mteja wa kwanza alikuwa Kokila, aliyepanda basi kutoka Gondal akiwa na akina Manjula wanne nyuma yake.

"Amana? Mimi? Nimekubebea mumeo mgongoni!"

"Ndiyo maana sikudai mia sita, shangazi."

Alilipa huku akilaani. Alichelewesha kurudisha siku mbili, akatozwa faini, akaenda kumsema Hetal kila nyumba aliyopita, akiitaja bei, mtaa na namba ya mlango. Wiki iliyofuata kabati lilibaki vioo vitupu, na Paresh akaombwa aache penseli, aje kutengeneza la pili.