Sakafu Iliyofungwa Mdomo

Bibi alikuwa amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, mkono mmoja ameunyoosha mbele, vidole vimetanuka kama vya mtu anayepapasa ukuta uliokuwapo jana. Mkono wa pili ulishika kikombe, na chai ilikuwa ikidondoka kidogo kidogo juu ya mbao. Mlango wa jikoni, aliokuwa akiupita kwa miaka hamsini na mitatu, ulikuwa hatua tatu upande wake wa kulia. Yeye alikuwa ameelekea dirishani.

"Greer," aliniita, bila kupaza sauti. "Umeihamisha nyumba yangu?"

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa Juni, na upepo wa kusini ulikuwa ukitikisa mabati ya paa tangu alfajiri. Kesho yake, saa nne, mkaguzi angekuja kuamua kama Bibi ataendelea kuishi pale au atahamishiwa makao ya wazee ng'ambo ya kilima. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na mpaka dakika ile niliamini nimemwokoa.

Chanzo kilikuwa nyaya. Nyumba za umri ule za Port Chalmers, mji wetu wa bandari huku kusini ambako Juni ni mwezi wa baridi, zilijengwa wakati ambapo taa moja ilionekana ni anasa, na sebule ya Bibi ilikuwa na soketi moja tu, nyuma ya mlango. Kutoka hapo nyaya zilitambaa sakafuni kama mizizi: ya hita, ya redio, ya simu, ya taa ya kusomea, ya mashine ya kukuzia maandishi. Mwezi wa Aprili alijikwaa kwenye ile ya hita akavunjika kifundo cha mkono. Ofisi ya huduma za wazee ikatuma mkaguzi, na baada ya ukaguzi huo wa kwanza ikaja barua. Nilimsomea mimi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamebakiwa na pembeni tu. Katikati, alisema, kuna moshi usiokwisha. Barua ilisema nyaya ziondoke sakafuni kabla ya ukaguzi wa pili, la sivyo ofisi itapendekeza ahamishwe.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama imeandikwa kwa mkono au kwa mashine. Kwa mashine, nikamwambia.

"Basi hata kalamu hawakuichosha," akasema, akaomba chai.

Mimi sikuweza kutulia. Tangu siku ile nilikuwa naosha vikombe visafi. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena. Usingizini nilimwona Bibi amekaa kitandani kwenye chumba chenye mlango mpana, amevaa koti, mkoba mapajani, kama anayesubiri basi.

Jirani yetu Mzee Rewi alikuwa fundi umeme. Leseni yake ilikuwa bado hai, ila magoti yalikuwa yameshastaafu. Nyumba imeegemea kilima, na upande wa sebule mwamba unapanda hadi karibu na maboriti yanayobeba sakafu, hata paka hapiti chini yake. Njia ya kupitisha nyaya ilikuwa ni juu tu, kwa kung'oa mbao. Bibi alikwenda kukaa kwa shoga yake barabara ya juu, Mzee Rewi akaketi kwenye kiti katikati ya sebule kama hakimu, na mimi nikapiga magoti.

Alinifundisha kukata kwa msumeno mwembamba ulimi wa ubao, ule unaoingia kwenye ubao wa jirani, kuingiza patasi pana na kuinua taratibu, ubao ukitoka na misumari yake ukilalamika. Kila ubao niliuandika namba tumboni kwa penseli. Nilitoboa maboriti katikati ya kimo chake, ili msumari wa juu usiufikie waya. Nilipoharakisha alikuwa ananisimanga.

"Hiyo ni patasi, binti, si mwiko wa uji. Ubao una umri mkubwa kuliko mimi, ushike kwa adabu."

Misumari ya zamani aliitia kwenye chupa ya jemu, mmoja mmoja. Jumatatu jioni nyaya zote zilikuwa zimelala chini, soketi nne mpya zimepimwa, na iliyobaki ilikuwa kurudisha mbao tu. Akaniambia nimsubiri. Jumanne ana miadi na daktari wa magoti. Jumatano asubuhi tutarudisha kila ubao kitandani kwake, kila msumari kwenye tundu lake.

Sikusubiri. Nilikuwa nimehitimu chuo mwaka uliopita, masomo ya kupamba na kukarabati nyumba, na nilikuwa nimefundishwa kwamba sakafu inayolia ni sakafu mgonjwa. Ile ya Bibi ililia kila mahali. Niliona haya kwa ajili yake. Akilini nilimwona mkaguzi akikanyaga, akisikia, akiandika. Jumanne nilinunua skrubu, na hadi saa kumi na moja jioni nilikuwa nimezizamisha zaidi ya mia na thelathini. Nikapiga msasa. Nikatembea huku na huku na viatu vyangu vizito. Kimya. Nilijisikia kama mtu aliyembembeleza mtoto mkaidi akalala.

Bibi alirudi magharibi amechoka, nikamshika mkono hadi kitandani. Ndiyo maana hakujua. Alijua Jumatano, alipoamka kabla yangu, akajimiminia chai niliyomwachia kwenye chupa kando ya kitanda, akaanza safari ya jikoni peke yake.

Nilimpokea kikombe.

"Mbao zangu ziko wapi?"

"Ni zile zile, Bibi."

"Mbona hazisemi?"

Nilimketisha, akanieleza, akiwa ameuelekeza uso ukutani kana kwamba anaungama. Tangu macho yaanze kuzima, miaka minne sasa, alikuwa amegundua kwamba kila ubao una sauti yake. Kuna unaoguna mbele ya mlango wa jikoni. Kuna miwili inayojibizana kwenye mlango wa kuingilia. Kuna wa kabatini, unaofyonya kama mke mwenza. Hakuhesabu hatua, alihesabu sauti. Akikaa kitini alijua kama ni mimi niliyeingia au ni Rewi na mguu wake mzito, na tumesimama wapi. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, akauliza, asiambiwe kwamba sasa na akili nayo imeaga?

Nilikuwa nimeishi naye miezi saba. Kila siku nilishangaa jinsi anavyojua nilipo, na hata mara moja sikumuuliza anajuaje. Miaka tisa imepita, na bado hilo linaniuma kuliko skrubu.

Mzee Rewi aliingia na chupa yake ya misumari. Alitembea hatua nne, akasimama, akatazama vichwa vya skrubu vinavyong'aa kwa safu. Nilingoja matusi.

"Umeifunga nyumba ya watu mdomo," akasema. Kisha akaketi kitini pake.

Nikawaambia wote wawili kile kilichokuwa kikinizunguka kichwani. Tukiiacha sakafu ilivyo, haina waya, haina kelele, lakini Bibi atapotea mbele ya mkaguzi, na mkaguzi ataandika anachokiona. Tukiilegeza, Bibi atatembea, lakini sakafu italia na itaandikwa kuwa ni mbovu. Nilitaka mmoja wao aamue. Mzee Rewi aliutazama upepo dirishani.

"Kelele naijua," Bibi akasema. "Kimya ndicho ninachokiogopa. Leta bisibisi."

Tulifanya kazi siku nzima ile, na Alhamisi tangu kupambazuke. Mimi nilifungua skrubu na kurudisha misumari ya zamani kwenye matundu yake. Bibi alinifuata nyuma na soksi, akikanyaga, akisikiliza, kichwa kimeinama upande. "Huyu ndiye," alikuwa akisema. "Huyu bado." Mbao nyingi zilirudi, nyingine zikiwa na sauti ya mafua. Mmoja, ule wa karibu na kiti cha marehemu Babu, haukurudi. Tuliupiga, tukaulegeza, tukaupiga tena. Ukabaki bubu.

Skrubu zilikuwa zimebaki kumi na moja, upande wa dirishani, mlango ulipobishwa.

Mkaguzi alikuwa Bi. Losa Fifita, mama mrefu mwenye asili ya visiwa vya Tonga, koti lake limelowa mabegani. Aliwaamkia wazee kwanza, kwa mikono miwili. Aliziona soketi mpya, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akapiga hatua ya kwanza ndani ya sebule, na ubao ukaguna kwa nguvu zake zote. Akasimama. Akaandika.

Nilimtazama Mzee Rewi, ambaye angeweza kumwelezea umeme hata samaki. Alikuwa amefumba mdomo, macho yake yamenigandia mimi. Mimi niliyekuwa nikituma ujumbe wa maandishi ili nisipige simu. Mimi niliyevuka barabara ili nisisalimiane na mwalimu wangu. Sijui hadi leo kama nimshukuru au nimlaumu.

"Ni mimi niliyeifanya ilie," nikaiambia sakafu. Halafu nikaendelea, vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma: skrubu, kikombe cha chai, sauti, miaka minne. Masikio yalikuwa yakiniwaka.

Bi. Fifita aliinama, akapitisha kiganja kwenye viungo vya mbao, akatafuta kwa ncha ya kidole mahali ambapo mguu ungeweza kukwama. Hakupata. Akavua viatu. Akamwomba Bibi auelekeze uso dirishani, akatembea.

"Niko wapi, mama?"

"Mbele ya mlango wa jikoni."

"Na sasa?"

"Kabatini. Na umezunguka kwa mlangoni ili unihadae."

Mzee Rewi alikohoa ili asicheke. Bi. Fifita hakucheka. Alirudi taratibu, akapita kitini pa Babu, akasimama juu ya ule ubao usiosema.

"Sasa?"

Upepo ulipiga bati. Nilijua jibu, na ningeweza kukohoa, kuvuta kiti, kufanya chochote. Bibi aligeuza kichwa huku na huku, polepole, kisha akakiacha kitulie.

"Hapo sijui," akasema. "Hapo bado najifunza."

Bi. Fifita aliandika kwa muda mrefu. Akavaa viatu, akasema majibu yatakuja kwa barua, chai akaikataa kwa upole, akatoka.

Bibi aliugeukia mlango, amekasirika.

"Greer. Umemwacha mgeni aondoke tumbo tupu, na baridi hii?"

Kulikuwa na mikate ya jibini iliyoviringishwa, bado ina joto la oveni. Niliifunga mitatu kwenye kitambaa, nikateremka ngazi mbio, bila koti. Gari lilikuwa bado pale chini, karatasi zimeegemezwa kwenye usukani. Alishusha kioo, akapokea, akauma mkate mmoja pale pale kama mtu aliyekuwa amesahau kwamba ana njaa.

"Skrubu zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zitoe." Akafuta siagi kidoleni, akafungua ukurasa mwingine wa fomu, akaandika kitu kifupi. "Nitarudi Novemba kumtazama tena, hapa hapa. Mwambie aufanyie mazoezi ule ubao asioujua."

Gari likateremka kuelekea bandarini. Nilisimama barabarani, nywele zikinipiga usoni, nikahesabu miezi kwa vidole. Nilianza na Juni, kwa kuwa ilikuwa bado ina siku kumi na mbili. Mkono mmoja haukutosha.