Mifupa ya Baba

Zama za Mwingereza, Sadoki alikuwa mpishi wa memsabu mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na Maji ya Chai. Memsabu hakugusa nyama, maziwa wala mayai, na pamoja na uzee wake bado alipanda farasi. Sadoki akaona hapo pana siri ya afya. Jumapili, baada ya ibada, akamtangazia mkewe, Tabea, kwamba nyumba nzima itakula hivyo kwa juma moja.

Tabea hakubisha. Akapika ndizi kwa maharage, kesho yake ndizi kwa karanga, siku ya tatu ugali na mboga ya mnafu. Maziwa ya ng'ombe wao na mayai ya kuku wao yalikuwa yakienda sokoni siku zote, kwa hiyo kilichopungua jikoni kilikuwa kile kipande cha nyama alichowekewa Sadoki kila jioni, basi.

Siku ya nne Sadoki alikuwa mkali kama pilipili. Siku ya sita akaisukuma sahani. "Mimi mtu mzima nimeshindwa," akasema. "Ninyi mbona hamlalamiki?"

Tabea akaendelea kupakua. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa na miaka kumi na miwili, sawa na ndoa yao, na halikuwa na haraka.

Sadoki akamgeukia binti yao mdogo. "Hanna, sema kweli. Juma hili umetamani nini?"

Hanna akafikiri, akalamba kidole.

"Mifupa yako, baba."