Jogoo wa Mathenge Anyamaza

Mathenge wa Othaya alikuwa na maringo, na maringo yake yote yalitokana na jogoo. Jogoo mwekundu, kifua mbele! Majirani waliwaleta kuku wao kwake wapate vifaranga wa mbegu ile. Basi habari za wezi zilipovuma, Mathenge akamfungia stoo, nyuma ya magunia ya mbolea, mahali pasipo na dirisha. Mahindi na majike akawa anampelekea humo humo.

Kumbe! Miezi ikapita, jogoo akaacha kuwika. Upanga wake kichwani ukapauka. Ukimwekea kuku mbele yake, anamtazama tu kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Kesho anaingia sufuriani," akasema Beth, mkewe. "Jirani yetu Gathogo anatucheka hadi kanisani. Ati jogoo wetu amekuwa padri."

Maneno hayo yalimchoma Mathenge vibaya. Bahati nzuri binti yao Nduta, daktari wa mifugo kule Timau, alikuwa amekuja nyumbani. Akaingia stoo, akatoka akicheka.

"Mama, usimchinje. Amekosa mwanga tu."

"Ati mwanga? Anakula vizuri!" Mathenge akamaka.

"Baba, kwa ndege mwanga unapenya fuvu mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaoamuru..." Nduta akasita, maana mambo hayo binti hamwambii babake. Mathenge akayakazia macho mashamba ya chai ng'ambo ya bonde. "Unaamuru korodani zitoe homoni. Homoni inapanda kichwani, inaamsha hamu. Gizani ubongo unadhani si msimu wa kuzaa, unazima kila kitu."

Mathenge alitaka ardhi immeze. Halafu woga ukamshika: akimtoa nje, je, wezi?

"Heri aibiwe akiwa dume," akasema mwishowe, akamjengea banda la waya uani. Beth akampa jogoo mpaka Krismasi, asiongezewe hata siku.

Wiki zikasonga. Upanga ukaiva tena. Asubuhi moja jogoo akawika, bonde zima likasikia. Gathogo akaja mbio na kuku kwapani, majirani nyuma yake, atafute la kucheka. Jogoo akashusha bawa moja, akamzunguka yule kuku akiliburuta chini, kisha akampanda mbele ya watu wote. Wee! Majirani wakapiga vigelegele.

"Nimekubali, Mathenge," Gathogo akasema. "Una jogoo."

"Majogoo wako kila boma," Mathenge akajibu. "Mimi nina binti."