Hodi ya Nne

Karatasi aliyoileta Klementi ilikuwa imelowa mvua, lakini ilisomeka. Jana, saa nne asubuhi, kompyuta ya zahanati ya Mingoyo iliiita hospitali ya Lindi mara tatu kuomba gari la wagonjwa. Mara zote tatu haikupokelewa, ikanyamaza.

"Mimi nikajua mmesikia," alisema Klementi, tabibu wa zahanati ile. "Nikamwambia Helena, vumilia mama, gari linakuja."

Helena alikata roho saa saba, na mtoto tumboni.

Mwahija, fundi wa kompyuta wa hospitali, aliiandika programu ile ya miito kwa mkono wake, miaka ile hospitali za watu binafsi zilipoanza kuchipua kama uyoga, naye akisoma masomo ya jioni na mwanawe mgongoni. Kitabu cha darasani kiliweka foleni ya watano: seva, ile kompyuta kuu inayopokea, ikiwa na kazi, watano wangoje mlangoni, wa sita ageuzwe. Naye akaandika tano. Zahanati zenyewe zilikuwa nne tu. Nani angefikiri zitafika kumi na moja, na mvua moja iziamshe zote ziite kwa pamoja?

Na kwa yule anayeita, aliandika alivyolelewa na mama yake: piga hodi mara tatu, usipoitikiwa rudi zako, usiwaudhi wenye nyumba. Siku ile aliona fahari kuifunza mashine adabu.

"Laini ilikatika, siyo?" Klementi aliuliza. "Mama yake Helena yuko nje. Anataka jibu."

"Laini ilikuwa nzima. Foleni ilijaa. Niliyeipima ni mimi."

Klementi aliikunja karatasi ile. "Dada, sema laini. Nchi hii nzima inasingizia laini." Akatoka kwenda kumwita.

Mwahija aliifungua programu. Akafuta tano, akaandika mia. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na wepesi ule ndio uliomchoma. Kisha kidole chake kikafika kwenye ile tatu, kikaganda.

"Hodi," ilisema sauti ya kizee mlangoni.

Mwahija aliutazama mlango.

"Hodi."

Akafumba macho.

"Hodi hapa."

Akasikia kandambili zilizolowa zikigeuka juu ya saruji, hatua moja, ya pili. Zikasimama.

"Hodi, mwanangu."